Injini Inapochemsha

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba joto husafiri kwa njia tatu: kwa mpitisho, kwa msafara na kwa mnururisho. Ulishika kijiko kilichokuwa ndani ya uji wa moto, ukatazama maji yakizunguka katika sufuria iliyo mekoni, ukaota jua la asubuhi. Katika somo hili utaziona njia hizo zikifanya kazi pamoja ndani ya injini. Utaona pia jinsi fundi awezavyo kuzitumia kutafuta ugonjwa wa injini iliyochemsha siku ya kwanza tangu ilipofumuliwa na kuundwa upya.

Ukisafiri kutoka Shinyanga kwenda Kahama, na kutoka huko kwenda Geita, utaziona gereji nyingi kandokando ya barabara. Nyingine hazina sakafu ya saruji wala paa. Zina kivuli cha mti, sanduku la spana na injini iliyolazwa juu ya turubai. Hii ni nchi ya migodi. Almasi za Mwadui ziligunduliwa na Dakta Williamson mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wapo Nyarugusu, Rwamagasa na mahali pengine pengi. Injini ndizo zivutazo maji kutoka mashimoni, zizungushazo makarasha yasagayo mawe, na zibebazo mizigo. Injini ikifa, kazi husimama. Injini mpya ni ghali, kwa hiyo injini kuukuu hufumuliwa, vipande vilivyolika hubadilishwa, nayo huundwa tena.

Tuseme kwamba wachimbaji sita wamechanga fedha walizopata kwa miezi mingi, wakanunua Landrova kuukuu iliyoungwa kwa vipande vya magari matatu. Injini yake ya petroli imeundwa upya. Leo inawashwa kwa mara ya kwanza. Inanguruma vizuri, watu wanashangilia. Baada ya dakika kumi na tano mvuke mweupe unafoka mbele ya gari. Mmoja anasema, "Injini mpya huchemsha kwa kuwa ni mpya, iacheni iendelee." Mwingine anakimbilia ndoo ya maji baridi. Wa tatu ananyoosha mkono akifungue kifuniko cha rejeta. Wote watatu wanakosea, na mmoja wao yumo katika hatari kubwa. Ili ujue ni yupi, na kwa nini, yakupasa kwanza kuifuata safari ya joto.

Safari ya joto

Ndani ya silinda petroli huchanganyika na hewa na kuwaka. Joto la mwako huo huweza kuzidi nyuzi 2,000 za sentigredi. Alumini, ambayo pistoni nyingi hutengenezwa kwayo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa nini basi pistoni haiyeyuki? Kwanza, kila mwako ni wa muda mfupi sana. Pili, joto lake huondolewa bila kukoma. Lisipoondolewa, hata kwa dakika chache tu, mafuta ya kulainisha huwa mepesi mno, pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda, na silinda hedi hupinda. Hapo kazi yote ya fundi huwa imepotea, na fedha za wachimbaji wetu sita pia.

Joto litokalo katika petroli hugawanyika karibu katika mafungu matatu. Fungu moja huendesha gari. La pili hutoka pamoja na moshi. La tatu huingia katika chuma cha injini, nalo ndilo linalotakiwa kubebwa na maji.

Joto hilo hupenya ukuta wa silinda kwa mpitisho, kama lilivyopenya kijiko chako. Upande wa pili wa ukuta yapo maji, katika mifereji iliyoachwa ndani ya chuma. Maji hupata joto, husukumwa na pampu, hupanda kwa bomba la juu la mpira na kuingia katika rejeta. Rejeta imefanywa kwa mirija mingi myembamba iliyoshikana na mapezi ya bati jembamba. Feni huvuta hewa ipite kati ya mapezi hayo; hewa huondoka na joto, na maji yaliyopoa hushuka na kurudi katika injini kwa bomba la chini. Jina la rejeta limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kunururisha, lakini jina hilo lisikudanganye. Sehemu kubwa ya joto la rejeta huchukuliwa na hewa ipitayo, na ni sehemu ndogo tu iondokayo kwa mnururisho.

Zamani magari mengine hayakuwa na pampu ya maji. Magari mengi ya Ford Model T, yaliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, yalitegemea msafara peke yake: maji ya moto huwa mepesi, kwa hiyo hupanda yenyewe, na maji baridi hushuka kushika nafasi yake.

Katika njia ya maji umewekwa mlango mdogo uitwao thamostati. Injini ikiwa baridi mlango huu hufungwa, ili injini ipate joto upesi. Maji yafikapo nyuzi 80 na kidogo, nta iliyo ndani yake hutanuka na kuufungua. Mafundi wengi wa kwetu huitoa thamostati na kuitupa, wakiamini kwamba injini itakuwa salama zaidi. Si kweli. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hunywa petroli nyingi na hulika upesi.

Adui aliyefichika

Injini inapofumuliwa, maji yote humwagwa. Mifereji yake hujaa hewa. Baadaye fundi hujaza maji kwa kupitia mdomo wa rejeta, na maji yakifika mdomoni hudhani kwamba kazi imekwisha. Je, kila mfereji umejaa maji? Fanya jaribio hili upate jibu.

Jaribio. Tafuta chupa tupu, faneli, udongo wa mfinyanzi uliolainishwa, maji, na bua jembamba la majani makavu. Ingiza faneli katika mdomo wa chupa. Ziba nafasi yote kati ya faneli na mdomo wa chupa kwa udongo, hata hewa isipate pa kupita. Sasa mimina maji katika faneli kwa mara moja. Unaona nini? Maji kidogo huingia, kisha hukaa katika faneli wala hayashuki, ingawa chupa inaonekana kuwa tupu. Toboa udongo kwa bua, kisha lichomoe. Unasikia nini? Maji yanafanya nini?

Chupa haikuwa tupu, ilijaa hewa. Maji hayawezi kushika mahali pa hewa ambayo haina njia ya kutoka. Fundi mwashi anayajua haya. Apimapo usawa wa msingi wa nyumba kwa mpira mwangavu uliojaa maji, huukagua kwanza asione povu la hewa ndani yake, kwa maana povu moja hulifanya jengo zima liende upande.

Katika injini hewa hunaswa namna hiyohiyo, hasa sehemu za juu: ndani ya silinda hedi, nyuma ya thamostati iliyofungwa, na mahali ambapo bomba limepindwa likawa na mgongo. Sehemu yenye hewa haipozwi vizuri, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Maji machache yaliyo jirani huchemka, huwa mvuke, na mvuke huo huongeza ukubwa wa nafasi isiyo na maji. Pampu nayo ikikutana na hewa haisukumi kitu, huzunguka bure.

Kuna jambo lingine ambalo limewapoteza hata mafundi wazoefu. Geji ya joto iliyo mbele ya dereva hupata habari zake kutoka katika kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye injini. Kifaa hicho kimeundwa ili kizame katika maji. Kikijikuta ndani ya hewa iliyonaswa, chaweza kuonyesha kwamba injini ni baridi huku chuma cha jirani kikiungua. Kwa hiyo siku ya kwanza fundi mwenye busara haiamini geji peke yake. Hunusa, husikiliza, hutazama.

Kujaza maji bila kunasa hewa

Namna ya kuitoa hewa ni ileile ya bua lako: ipewe njia. Gari huegeshwa mahali ambapo pua yake imeinuka, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine zote. Maji humiminwa polepole sana. Ikiwa injini ina skrubu ya kutolea hewa, hufunguliwa mpaka maji yatoke bila mapovu. Kisha injini huwashwa ingali baridi, kifuniko kikiwa kimeachwa wazi tangu mwanzo, na fundi hutazama mdomoni. Mapovu hupanda, maji hushuka, fundi huongeza. Thamostati inapofunguka maji hushuka tena kwa ghafula, naye huongeza tena. Mapovu yakikoma, kifuniko hufungwa. Injini ikisha kuzimwa na kupoa kabisa, usawa wa maji hutazamwa mara nyingine.

Maji yenyewe ni ya aina gani? Maji ya lambo yana tope, na tope huziba mirija. Maji ya visima vingi yana chumvi za mawe. Yakipata moto huacha ukoko kama ule uuonao ndani ya birika la chai, na ukoko huo huzuia joto lisipite. Miji ya Shinyanga na Kahama hupata maji ya Ziwa Viktoria kwa bomba litokalo Ihelele, mkoani Mwanza. Hayo ni afadhali. Yafaayo kuliko yote ni maji yaliyotoneshwa, yakichanganywa na dawa ya rejeta iitwayo kulanti, ambayo huzuia kutu. Lakini jihadhari. Kulanti nyingi zina ladha tamu, nazo ni sumu kali. Mtoto au mbwa akinywa kidogo tu aweza kufa. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda.

Kutafuta mahali joto liliposimama

Tuirudie Landrova yetu. Hewa imetolewa kwa uangalifu, na bado inachemsha. Sasa je? Fundi asiyefikiri hubadilisha pampu, halafu rejeta, halafu thamostati, mpaka fedha ziishe. Afikiriye huuliza swali moja: joto linasafiri kutoka motoni kwenda hewani, limesimama wapi?

Injini ikisha kupata joto, fundi huizima, kisha hugusa mabomba mawili ya rejeta kwa haraka kwa mgongo wa mkono. Wewe usiguse, soma tu.

Bomba la juu likiwa baridi ilhali injini inaungua, joto halikufika katika rejeta. Maji hayatembei. Huenda thamostati imekwama, au hewa ingalimo, au mkanda uzungushao pampu umelegea. Thamostati hupimwa kwa urahisi: huitoa fundi, akaitumbukiza katika sufuria ya maji mekoni pamoja na kipimajoto, akatazama inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba yake kwa kawaida imepigwa chapa juu ya chuma chake.

Mabomba yote mawili yakiwa ya moto sana, maji yanatembea lakini rejeta haitoi joto. Tatizo liko upande wa hewa. Pengine mapezi yamezibwa na matope, manyoya na mbegu za majani. Katika barabara zetu za vumbi jambo hili hutokea mara nyingi kuliko watu wadhanivyo. Pengine feni ya umeme imeunganishwa nyaya zake kinyume, nayo inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta. Fundi huweka karatasi ya daftari mbele ya rejeta: feni ikivuta vema, karatasi hunata, ikisukuma, karatasi hupeperuka.

Bomba la juu likiwa la moto mno na la chini baridi, huku injini ikichemka, mirija ya rejeta yawezekana kuwa imeziba. Maji machache yapitayo hupoa sana, lakini hayatoshi.

Na ikiwa mapovu katika mdomo wa rejeta hayakomi hata baada ya nusu saa? Hewa iliyonaswa ina mwisho. Mapovu yasiyo na mwisho hutoka katika silinda zenyewe. Kati ya bloku na silinda hedi iko gasketi. Ikiwa imewekwa vibaya, au nati za silinda hedi hazikukazwa kwa mpango na nguvu inayotakiwa, moshi wa mwako huvuja na kuingia katika maji. Wakati mwingine maji nayo huingia katika mafuta, yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi nyingine zikigeuzwa huziba matundu ya maji kabisa. Hapo hakuna njia ya mkato. Injini hufunguliwa tena. Ni uchungu kwa fundi kuwaambia hivyo watu waliokwisha kumlipa, lakini akinyamaza silinda hedi itapinda, na hasara itakuwa kubwa zaidi.

Yule aliyesema kwamba injini mpya huchemsha kwa kuwa ni mpya alikuwa na punje ya ukweli. Ringi mpya husuguana na silinda kwa nguvu, na msuguano huleta joto. Kwa hiyo siku za mwanzo injini huweza kuwa na joto lililozidi kidogo. Kuzidi kidogo si kuchemsha. Injini ifokayo mvuke huzimwa mara moja.

Kifuniko cha rejeta

Ulijifunza kwamba maji safi huchemka kwenye nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, kwa mfano Tanga au Dar es Salaam. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamizia vitu, ni ndogo zaidi, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo dereva atokaye pwani ana nyuzi chache za kuchezea afikapo huku.

Kifuniko cha rejeta kimeundwa kuondoa udhaifu huo. Kina springi iliyo imara inayozuia mvuke usitoke, hata kanieneo ya ndani ikapanda. Kanieneo ikipanda, maji hayachemki upesi. Kwa vifuniko vya magari mengi hufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka.

Sasa fikiri mtu akikifungua wakati maji yamefika nyuzi 110. Kanieneo huanguka ghafula. Maji ambayo yalikuwa yametulia huwa yamepita mno kiwango chake cha kuchemka, na papo hapo sehemu yake hugeuka mvuke. Mvuke huo huyarusha maji yaliyobaki usoni na kifuani mwa aliyefungua. Watu wamepofuka kwa njia hii. Huyu wa tatu ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa. Ngoja injini ipoe kwa muda usiopungua nusu saa. Bomba la juu likiwa bado gumu na la moto, ngoja zaidi. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, naye hutumia kitambaa kinene.

Na yule wa ndoo? Chuma kilichoungua kikimwagiwa maji baridi husinyaa upande mmoja upesi kuliko mwingine, kikapasuka. Wachimbaji wa kale katika nchi nyingi walivunja miamba kwa njia hiyo: waliwasha moto juu ya mwamba, kisha wakaumwagia maji. Kwa mwamba ni kazi nzuri. Kwa silinda hedi ni maangamizi.

Kuchemka ambako si ugonjwa

Ukifika penye makarasha huko Geita waweza kuona injini ndogo ya dizeli yenye silinda moja, na juu yake tangi dogo lililo wazi. Maji ya tangi hilo yanachemka, mvuke unapanda, na mwenye mashine ameketi bila wasiwasi. Je, hajui kazi yake?

Anaijua. Injini ya aina hiyo haina rejeta. Imeundwa ili maji yake yachemke. Kuibadili lita moja ya maji yanayochemka iwe mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile liwezalo kuipandisha kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 100. Kila lita inayopotea angani huondoka na joto hilo lote, na maji yaliyobaki hayapiti kiwango cha kuchemka. Jasho lako hukupoza kwa kanuni hiyohiyo ya maji kugeuka mvuke. Sharti la injini hii ni moja tu: maji yasiishe. Ndiyo maana utaona dumu la maji karibu yake daima, na mwenye mashine akinyanyuka mara kwa mara kuchungulia tangi.

Mazoezi

1. Eleza jinsi joto linavyosafiri kutoka katika mwako wa petroli mpaka kwenye hewa iliyo nje ya gari. Taja mahali ambapo joto husafiri kwa mpitisho.
2. Katika jaribio la chupa na faneli, kwa nini maji yalishuka ulipochomoa bua?
3. Geji inaonyesha kwamba injini ni baridi, lakini mvuke unatoka. Toa sababu moja.
4. Bomba la juu la rejeta ni baridi na injini inaungua. Fundi anataka kununua rejeta mpya. Ungemshauri nini?
5. Chemsha maji safi shuleni kwenu, upime joto lake kwa kipimajoto mwalimu akiwapo. Yalichemka kwenye nyuzi ngapi? Je, shule yenu iko juu au chini kuliko Shinyanga?
6. Injini ya karasha ina lita 8 za maji zinazochemka. Kila saa lita 2 hugeuka mvuke. Maji yasipoongezwa, tangi litakauka baada ya saa ngapi? Kwa nini mwenye mashine hawezi kungoja mpaka wakati huo?